Alma Thomas: kweli alianza kuchora baada ya kustaafu? Na vile vipande vya rangi ni nini hasa

Swali limetoka kwa mwalimu wa sanaa wa sekondari, yuko Morogoro, nalifupisha. Aliwaonyesha kidato cha tatu picha moja kwenye simu, Starry Night and the Astronauts ya mchoraji wa Marekani Alma Thomas, kijana mmoja akasema "madam, hii hata mdogo wangu anaweza", darasa zima likacheka na yeye akakosa la kujibu. Anauliza mambo matatu: ni kweli huyu mama alikuwa mwalimu tu akaanza kuchora baada ya kustaafu? Mtindo wake ni upi hasa, maana yeye anaona kama vigae? Na kwa nini mwanamke mweusi aliyeishi Marekani ya ubaguzi achore maua na roketi badala ya mateso ya watu wake? Kamalizia na shikamoo.

Marahaba madam. Huyo kijana usimkasirikie, swali lake zuri tu, ila kaliuliza akiwa anaangalia simu na hapo ndo matatizo yanapoanzia.

Hiyo picha yenyewe ina kimo cha kama mita moja na nusu, upana sentimita 130 na kitu, ipo kwenye jumba la makumbusho la Art Institute, Chicago, na aliichora 1972. Sasa ukiibana mpaka iingie kwenye kioo cha simu, kitu cha kwanza kufa ni mianya, yaani zile nafasi nyembamba nyeupe zilizo kati ya kipande na kipande, zinabanana, bluu inaungana na bluu, unabaki na kitu kama vigae vya bafuni. Ukiwa mbele ya picha ni kinyume kabisa, mianya ndo inayofanya kazi. Bluu ziko nyingi, kuna iliyokolea kama wino, kuna ya sare ya shule, kuna iliyopauka kama shati lililofuliwa mara mia, zimepangwa kwa safu za kwenda juu na chini, na kati yake ule weupe unamemeteka kila ukisogeza kichwa. Hakuna nyota hata moja iliyochorwa humo, nyota ni ile mianya! Halafu kule juu kulia kuna kipande kidogo cha njano, chungwa na nyekundu, basi, hao ndo wanaanga wako, au jua, kila mtu na lake.

Kwa hiyo kabla hata sijaenda kwenye maisha yake, ombi langu ukirudi darasani usiwaulize wanaona rangi gani, waulize kati ya rangi na rangi kuna nini.

Haya, la kwanza. Kwamba alianza baada ya kustaafu. Hii hadithi imeenea sana kwa sababu ni tamu, bibi mstaafu anashika brashi, miaka kumi na mbili baadaye yuko kwenye jumba kubwa la New York, watu wanapenda hadithi za hivo. Lakini ikisemwa hivo inapotosha, inafanya ionekane kama bahati nasibu, wakati huyu mama alikuwa amejifunza sanaa karibu maisha yake yote, kilichokosekana ni muda.

Alizaliwa Septemba 1891 Columbus, jimbo la Georgia, wa kwanza kati ya mabinti wanne, baba mfanyabiashara, mama fundi na mbunifu wa nguo. Mwaka 1907 familia ilihamia Washington. Mwaka mmoja kabla kulikuwa na ghasia mbaya Atlanta, wazungu waliwashambulia watu weusi, na pale Columbus mtoto mweusi akifika kiwango fulani cha shule hakuwa na pa kuendelea. Washington nako ubaguzi ulikuwepo, tusidanganyane, ila angalau shule zilikuwepo. Waliingia kwenye nyumba ya Mtaa wa 15, na hapo ndo palibaki kwao Alma mpaka anafariki 1978, zaidi ya miaka 70 nyumba moja, hilo shika maana nitalirudia.

Sekondari yake ilikuwa shule ya ufundi, Armstrong, na alichopenda ni hesabu na michoro ya majengo, alitamani kuwa msanifu majengo. Msichana mweusi wa miaka hiyo! Ikashindikana, akasomea ualimu wa chekechea, akafundisha watoto kwa miaka kadhaa Wilmington, Delaware, kwenye kituo cha kuhudumia jamii. Mwaka 1921 akaingia Chuo Kikuu cha Howard akiwa na miaka 30 hivi, na hakuingia kusoma uchoraji, aliingia kwa mambo ya sayansi kimu na mavazi, ndipo profesa James Herring aliyekuwa anaanzisha idara ya sanaa akamvuta upande wake. Mwaka 1924 akamaliza, akawa mhitimu wa kwanza kabisa wa sanaa Howard. Kwa hiyo madam ukiambiwa "mwalimu aliyejifunza uzeeni" kumbuka huyu alikuwa na digrii ya sanaa miaka 36 kabla hajastaafu.

Baada ya hapo ni chaki. Miaka 35 pale Shaw Junior High, Washington, mpaka 1960. Na katikati humo hakukaa bure: likizo alikuwa anaenda New York kusoma, akapata shahada ya uzamili chuo cha ualimu cha Columbia mwaka 1934, kazi yake ilihusu wanasesere wa kuchezeshwa kwa kamba, 1938 akaanzisha galari ndani ya shule ili watoto weusi waone picha halisi na sio za kwenye vitabu tu, na 1943 Herring na Alonzo Aden walipofungua galari ya Barnett-Aden, mojawapo ya galari za mwanzo Marekani zilizomilikiwa na watu weusi na kuonyesha wasanii wa rangi zote, yeye akawa makamu wa rais wake. Miaka ya 1950 anafundisha mchana, jioni na wikendi anarudi kukaa kwenye dawati American University, akijifunza kwa wachoraji kama Jacob Kainen. Picha zake za wakati ule nyingi ni nzito, rangi za giza, mafuta, unaona mtu anayejua kazi ila bado hajapata sauti. Wewe mwenyewe unafundisha, unajua ukitoka kusahihisha madaftari ya madarasa manne kichwa kinabaki na nini.

Anastaafu 1960 akiwa na miaka 68. Na bado haikuja! Hii sehemu watu wanairuka. Alichukua miaka kama mitano mingine ya kuhangaika, na 1964 baridi yabisi ikampiga vibaya mno akawa anafikiria kuacha kuchora kabisa. Kilichomwamsha ni kwamba Howard, chuo chake, walimwambia wanataka kumfanyia maonyesho ya kazi zake za maisha yote, yakafanyika 1966, naye akaona hawezi kupeleka vitu vya zamani tu, lazima apeleke kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona. Alikuwa anakaa mbele ya dirisha lile la Mtaa wa 15, nje kuna mti wa holi, ule wenye majani magumu yanayong'aa, na mwanga ukipita kwenye majani unakatika vipande vipande kwenye sakafu na kwenye vioo. Mwenyewe alieleza kwamba huo mti ndo ulimpa. Mti aliokuwa ameuona miaka mingi tu, bana.

Hapo tumefika kwenye swali la pili, mtindo, na hapa nitakaa kidogo maana ndo ugonjwa wangu.

Washington ya miaka ya 1950 na 60 kulikuwa na kundi la wachoraji wa abstrakti, yaani picha zisizoonyesha vitu kama vilivyo, linaloitwa Washington Color School, akina Morris Louis, Kenneth Noland, Gene Davis, na ukisoma popote utakuta Alma Thomas anawekwa humo. Ni sawa na sio sawa. Louis alikuwa anamimina rangi nyepesi kwenye kanvasi tupu isiyopakwa kitu, inanyonya kama chai iliyomwagikia kitambaa cha meza, huoni mkono wa mtu hata kidogo. Alma mkono wake unauona kila mahali. Kila kipande kimepakwa kwa brashi, kingine kimepinda, kingine kimenona upande mmoja, kingine kando yake kumebaki alama ya nywele za brashi. Alichofanana nao ni imani kwamba rangi peke yake inatosha kubeba picha, na alisoma nadharia za rangi kwa bidii, hasa za Johannes Itten, mchoraji na mwalimu wa rangi kutoka Uswisi, ile habari ya rangi moja kubadilika ikiwekwa karibu na nyingine.

Na sio kwamba alikuwa anadondosha vipande anavyojisikia. Ukisoma maelezo ya picha yake Resurrection ya 1966, ile ya maduara ndani ya maduara, utaona imeandikwa akriliki na penseli kwenye kanvasi. Penseli! Yaani alipiga kwanza mistari ya kumwongoza, kama fundi anayepiga kamba kabla hajapanga tofali, ndipo akajaza vipande. Yule msichana wa michoro ya majengo hakwenda popote. Halafu akriliki yenyewe ilimfaa, ni rangi inayochanganywa na maji, inakauka haraka, ukishaweka kipande dakika chache unaweza kuweka jirani yake bila kuchafua. Kwa mtu ambaye viungo vinauma hiyo ni nafuu kubwa.

Mimi mara ya kwanza kuiona The Eclipse ya 1970 pale Smithsonian American Art Museum, Washington (kuingia ni bure, nasema kwa yeyote atakayepita huko), niliisogelea mpaka mlinzi akakohoa. Kwa mbali ni kupatwa kwa jua, kuna duara la bluu ya giza na kulizunguka pete za rangi zinazozidi kuwa za moto kadiri zinavyokwenda nje. Ila duara halijakaa katikati, limesogezwa pembeni, kwa hiyo pete za upande mmoja zinakatwa na ukingo wa kanvasi na upande mwingine zinaendelea kutanuka, jicho linakosa pa kutulia, linazunguka tu. Ukisogea karibu duara linapotea, unabaki na vipande na mianya, na mianya haina upana mmoja, pengine ni uzi, pengine kidole kinapita. Ungezipima zote sawasawa kwa rula picha ingekufa palepale.

Baadaye akageuza mchezo. Kwenye Arboretum Presents White Dogwood ya 1972 rangi iko chini na nyeupe ndo inapakwa juu kwa vipande, kwa hiyo sasa kinachochungulia kwenye mianya ni rangi, unaona kama uko chini ya mti wenye maua meupe na bustani iko nyuma yake. Na 1976, akiwa na miaka 84 au 85, akatoa Red Azaleas Singing and Dancing Rock and Roll Music, kanvasi tatu zilizounganishwa, jumla karibu mita nne kwa upana, vipande vyekundu juu ya nyeupe, na hapo vipande sio vigae tena, vina pembe, vimejikunja, vinarukaruka kama herufi za lugha isiyosomeka. Mtu mwenye baridi yabisi, ndani ya nyumba ya kawaida ya mjini isiyo na studio kubwa! Hiyo mimi naipenda kuliko zote, wengi watakwambia za anga ndo bora, sibishani nao.

Za anga nazo zina asili yake. Alizaliwa enzi za gari la farasi, akaishi mpaka akaona kwenye televisheni ya rangi watu wanatembea mwezini, hilo lilimshangaza kweli. Ndo maana utakuta picha zina jina la Snoopy, wengine wanafikiri ni katuni tu, kumbe Snoopy ni jina walilokipa chombo cha mwezini cha Apollo 10, Mei 1969. Na hata maua yake alikuwa anayawaza kama yanavyoonekana kutoka kwenye ndege, sio ua moja kwa karibu, ni kitalu kizima kinachopita chini yako.

Kidogo nichepuke, hii utaifurahia. Kuna picha yake ya 1963 inaitwa Watusi (Hard Edge). Watusi ilikuwa dansi iliyowakolea vijana wa Marekani miaka hiyo, na jina lilichukuliwa kwa Watutsi wa huku kwetu Maziwa Makuu, kiambishi cha wa- na vyote kikabebwa kizimakizima. Picha yenyewe ni mazungumzo ya wazi kabisa na The Snail ya mchoraji Mfaransa Henri Matisse, ya 1953, ile ya karatasi zilizopakwa rangi na kukatwa, Alma akaizungusha na kubadilisha rangi zake. Mwaka 2009 akina Obama waliiazima ikae Ikulu, watu mtandaoni wakawaka "hii ni kopi", baadaye ikarudishwa, Ikulu ikasema haikutosha mahali ilipokusudiwa. Kwangu mimi lile halikuwa kosa, mchoraji anajifunza kwa kumfungua mkubwa wake na kumfunga tena kwa namna nyingine, na miaka mitatu tu baadaye alikuwa na kitu chake asichodai mtu. Na hicho chake ndo kilichokaa: Resurrection iliingia kwenye mkusanyiko wa kudumu wa Ikulu ya Marekani, ikafunuliwa 2015, kazi ya kwanza ya mwanamke mweusi kuingia humo.

Umaarufu wenyewe niupitie haraka. Aprili 1972, akiwa na miaka 80, jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York, wakampa maonyesho yake peke yake, mwanamke mweusi wa kwanza kuyapata pale. Hilo halikushuka kama mana, kabla yake kulikuwa na wasanii weusi walioandamana mbele ya jumba hilo kwa sababu lilikuwa linawafungia mlango. Mwaka huohuo jumba la sanaa la Corcoran, Washington, nao wakafuata, na meya akatangaza Septemba 9 kuwa siku ya Alma Thomas. Aliulizwa na gazeti anajisikiaje, akakumbusha kwamba alipokuwa binti kule Columbus mtu mweusi hata kuingia makumbusho hakuruhusiwa, sembuse kufikiria kutundika picha yake humo. Kuhusu hela, 2019 picha yake moja ilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 2.6, yeye alikuwa ameshafariki miaka 41, tuendelee.

La tatu, kwa nini maua na sio mateso. Hili hata enzi zake aliulizwa, na sio kwa upole, kuna wasanii weusi waliomwona kama amekwepa vita. Jibu lake aliwahi kulisema wazi, kwamba kupitia rangi ameamua kuelekea kwenye uzuri na furaha kuliko unyama wa binadamu kwa binadamu. Sasa mtu anaweza kusema hiyo ni lugha laini. Ila weka pembeni ya maisha yake. Familia ilihama kwa sababu ya ubaguzi. Mwaka 1963 alikuwepo kwenye maandamano makubwa ya Washington na 1964 akayachora, watu na mabango, ipo picha, unaona kabisa anajua kuichora hiyo habari akitaka. Aliijaribu akaiacha, sio kwamba hakuijua. Nadhani, na hii ni rai yangu tu, alikuwa ameona kwamba mchoraji mweusi anatarajiwa aje na kidonda chake mkononi kama tiketi ya mlangoni, na yeye akakataa kuonyesha tiketi. Mchoraji mzungu anachora bluu watu wanajadili bluu, kwa nini yeye achore bluu aulizwe kuhusu minyororo? Hapo unaweza kutofautiana nami, wanafunzi wako pia watofautiane, ndo somo lenyewe.

Na yule kijana wa "hata mdogo wangu anaweza", mpe kazi. Sio lazima akriliki, nyinyi chukueni rangi ya maji ile ya kupakia kuta, inayobaki kwenye makopo, karatasi ya manila nusu, brashi bapa. Apige maduara kwa penseli mkono mtupu, sio bikari, achague rangi nne tu, ajaze vipande na masharti yawe mawili: kipande kisiguse jirani yake, na mianya yote isiwe sawa lakini isizidi upana wa kidole chake kidogo. Aanze katikati aende nje, maana akianza nje duara la mwisho litambana. Atafika pete ya tatu mkono umechoka, kipande kimoja kitamgusa mwenzake, atataka kuziba mwanya. Asizibe, akaushe, arudi na nyeupe afungue upya. Ikitundikwa ukutani waende wakaiangalie kutoka mlangoni mwa darasa, halafu unipigie picha uniletee, ila piga mchana, taa ya darasani inaua mianya kama simu tu.